Chungu cha Fundi Atakua

Shangazi yangu hushona sare za shule, na mtaa mzima humwita Fundi Atakua. Jina hilo hakulitafuta. Mzazi akilalamika kwamba shati la mwanawe linafika magotini, shangazi huondoa pini mdomoni, humtazama mtoto kuanzia utosini hadi kwenye viatu, kisha hujibu neno moja tu: "Atakua." Anarudisha pini mdomoni, na mjadala umekwisha.

Na kweli hukua. Nimewaona watoto walioanza darasa la kwanza vidole vikiwa vimepotelea ndani ya mikono ya mashati, wakafika darasa la tatu na shati lile lile, upindo umeshafunguliwa mara mbili. Shangazi huacha kitambaa kila mahali: mabegani, kiunoni, kwenye mikono, chini. Mafundi wenzake humtania kwamba ndani ya kila sketi yake mna sketi ya pili inayosubiri zamu. Yeye hucheka nao. Ana miaka ishirini na saba kwenye cherehani moja ya kukanyaga, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na nguo iliyobana haijawahi kutoka mlangoni pake.

"Iliyopwaya utaikunja," husema. "Iliyobana utaifanyaje? Utamkunja mtoto?"

Mumewe anaitwa Bwana Bustani. Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi kwenye bustani kubwa ya mji, katika banda la kioo wanamokuza maua ya okidi. Alikuwa mtu wa maneno mengi kuhusu jambo moja. Ukimuuliza habari za asubuhi, atakupa habari za okidi: ipi imetoa jani, ipi imenuna, ipi imepigwa na baridi ya mlango ulioachwa wazi na mjinga fulani. Shangazi alikuwa akiwaambia wageni, "Mimi ni mke mdogo. Mkubwa yuko kwenye kioo."

Alipokaribia kustaafu, alichukua chavua ya ua moja akaitia kwenye ua jingine kwa kijiti cha kiberiti. Mbegu za okidi ni vumbi. Ukipiga chafya umepoteza ukoo mzima. Watu wa maabara ya bustani walimsaidia kuziotesha ndani ya chupa, na baada ya miezi mingi ikapatikana miche kumi na miwili, kila mmoja mdogo kama ukucha. Kumi na mmoja ikafa, mmoja baada ya mwingine. Uliobaki alipewa siku ya kuagwa, ndani ya kikopo cha plastiki kinachoonyesha mizizi. Akaja nao nyumbani ameukumbatia, akauweka dirishani, akatuambia kwamba utachanua baada ya miaka mitatu, pengine minne, na kwamba hakuna mtu duniani anayejua ua hilo litakuwa la rangi gani, maana halijawahi kuwepo.

"Hilo nikiliona," alisema, "nitakuwa nimemaliza."

"Acha maneno hayo," shangazi alimjibu. "Utaliona, na utaendelea kutuchosha."

Miezi minane baadaye alianguka bafuni. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote.

Daktari alitueleza kwamba maneno yamo, ila njia ya kutokea imeziba. Hata herufi zimefungiwa humo humo. Nilimtengenezea ubao wa herufi kwa kalamu nene. Aliutazama kama mtu anayetazama ukuta akisubiri uondoke. Kuitikia kwa kichwa nako hakukuwa na maana. "Una njaa, mzee?" Kichwa kinaitikia. "Umeshiba?" Kinaitikia. "Mimi ni dada yako?" Kinaitikia. Shangazi alicheka hapo, kisha akaingia jikoni na hakutoka kwa muda. Machozi vilevile. Daktari alisema yatakuwa yanamtoka bila huzuni, kama kikohozi, na tusiyafuate sana.

Basi tukawa na mtu ndani ya nyumba aliyejua kila kitu kuhusu okidi, na mche mmoja wa okidi dirishani, na kati yao hapakuwa na njia isipokuwa sisi wawili: shangazi, na mimi binti wa kaka yake, niliyekuja kumsaidia baada ya kumaliza chuo. Nilisomea historia.

Asubuhi moja ya Jumanne shangazi alikuwa akikata kola. Bwana Bustani alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Ghafla akapiga meza ya kukatia kwa kiganja cha kushoto, mara tatu, akaunyooshea mche kidole na kutoa sauti nzito isiyo na umbo.

Tuliutazama. Mizizi miwili ilikuwa imepanda ukingo wa kikopo na kuning'inia nje, minene, ya rangi ya fedha, ncha zake za kijani. Ndani ya kikopo mingine ilikuwa imejizungusha kama uzi kwenye bobini.

"Umebanwa," shangazi alisema. "Masikini, kumbe unalia nguo." Akamgeukia mumewe. "Unataka tuuhamishe, mzee? Tuutafutie chungu?"

Kichwa kikaitikia.

"Au tuuache hapo hapo?"

Kikaitikia.

"Au ni jua limekuwa kali?"

Kikaitikia, na mkono ukapiga meza tena. Shangazi akaweka mkasi chini.

"Hebu kiulize kitabu," akaniambia.

Nilikuwa nimeazima vitabu viwili maktaba. Kimoja kilisema subiri mmea umalize kuchanua ndipo uuhamishe. Wetu haujawahi kuchanua hata mara moja. Kingine kilisema subiri majira ya kuchipua, na sisi hapa majira yetu ni mvua na ukosefu wa mvua. Vyote viwili vilisema mizizi kutoka nje si ugonjwa, ndiyo tabia ya mmea uliozoea kuishi juu ya matawi ya miti. Lakini vyote viwili vikasema pia kwamba vipande vya magome mche ulimopandwa vikianza kuoza na kuwa laini, hakuna kusubiri tena. Nilichomeka kidole kwenye kikopo. Sikujua laini ndiyo ipi.

"Enhe?" shangazi aliuliza.

"Inategemea, shangazi."

"Miaka minne chuoni, wamekufundisha inategemea."

Jumamosi alikuja kinyozi wa nyumba ya pili, ambaye humnyoa Bwana Bustani ndevu bila kuombwa. Shangazi akamuuliza na yeye. Kinyozi aliuzunguka mche huku wembe ukiwa hewani, akakunja uso.

"Usiguse, mama. Kitu kinachoishi hakiguswi. Mimi nikiona kichwa kimekaa vizuri, nakiacha."

"Ndiyo maana kibanda chako kimejaa viti vitupu."

Kinyozi alicheka hadi akalazimika kuweka wembe chini. Bwana Bustani, povu likiwa shavu moja, alitutazama sote watatu kwa zamu. Sijui aliona nini.

Shangazi alingoja siku tisa. Siku nyingine mumewe alipiga meza, siku nyingine hakupiga. Alipopiga, shangazi aliona anachelewa kuhamisha. Asipopiga, aliona labda ameshakata tamaa naye. Nilimsikia akiusemesha mche peke yake asubuhi wakati akifungua dirisha: "Na wewe ungekuwa na mdomo." Aliogopa kuuhamisha na aliogopa kuuacha, na kosa lolote lingekuwa lake, huku mtu ambaye angeweza kumwambia amekaa hatua mbili kutoka alipo.

Siku ya kumi alichukua futi kamba akapima kikopo kwa kukizungusha, kama anavyopima kifua cha mtoto.

"Inchi tisa," alisema. "Kitabu kinasema ukishahamishwa unakaa humo muda gani?"

"Miaka miwili hivi, bila kuguswa."

"Basi nakata ya miaka miwili."

Alitoka, akarudi na chungu cha udongo ambacho kingetosha kupikia wageni sita. Nikafungua ukurasa.

"Shangazi, kitabu kinasema chungu kibane. Kizidi cha zamani kidogo tu, upana wa kidole."

"Kidole cha nani?"

"Hakijasema."

"Aliyekiandika ameshawahi kumvisha mtoto?" Alikuwa tayari anakisugua chungu kwa kitambaa chenye maji. "Akiba haiozi, mwanangu. Atakua."

Sentensi iliyofuata kwenye ukurasa ule ilieleza sababu: chungu kikiwa kikubwa, magome yaliyo mbali na mizizi hayakauki, na unyevu huo huozesha mizizi. Niliisoma kimoyomoyo. Sikuitamka. Mbele yangu alikuwa mwanamke ambaye kwa miezi mitano alikuwa akimwinua mtu mzima kutoka kitandani, akimgeuza, akimlisha, bila kujua kama anafanya sawa. Na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa uso wa fundi. Nilikifunga kitabu.

Kazi ilifanyika juu ya meza ya kukatia. Mzee alikuwa ameleta gunia dogo la magome na mkaa kutoka kazini zamani, na lilikuwa bado nyuma ya mlango. Tulikisogeza kiti chake karibu ili aone. Alipokiona chungu, mkono wa kushoto ulianza kupunga. Akatoa ile sauti. Akanyoosha mkono akakisukuma chungu mpaka kikaegemea ukuta.

"Umefurahi, eeh?" shangazi alimwambia, akikirudisha. "Nyumba ya ghorofa hiyo. Subiri, usinimwagie."

Alifanya kazi vizuri, kusema kweli. Aliutoa mche bila kuvunja mzizi hata mmoja, akaushika kwa vidole viwili katikati ya chungu huku mimi nikijaza magome pembeni. Ulionekana mdogo sana humo, majani matano katikati ya uwanja. Machozi yalikuwa yakimtiririka Bwana Bustani hadi kidevuni.

"Ni yale ya daktari," shangazi alisema, akamfuta kwa ncha ya kanga.

Wiki tano za kwanza mche ulitunyenyekea. Kukatokea hata ncha ya jani jipya. Kinyozi alikubali mbele za watu kwamba ameshindwa. Kisha jani la chini likalegea na kupata mikunjo kama ngozi ya kidole kilichokaa sana majini. Shangazi akaona una kiu, akaumwagilia. Jani la pili likafuata. Akaongeza maji. Kadiri ulivyosinyaa ndivyo alivyounywesha, na kadiri alivyounywesha ndivyo ulivyosinyaa, mpaka asubuhi moja majani hayo mawili yakabaki mkononi mwake alipoyagusa tu.

Hapo ndipo nilipoisoma ile sentensi kwa sauti, nimesimama mlangoni.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo ilikuwepo siku ile?"

"Ilikuwepo, shangazi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilianza. Ukasema atakua."

Aliyaweka majani dirishani. Nilitaka anigombeze. "Mtu akikuzidi sauti," alisema mwishowe, "mpige na hicho kitabu."

Tuliuchomoa mche kutoka kwenye chungu. Magome ya juu yalikuwa makavu. Ya chini yalinuka kama nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Mizizi ilikuwa ya kahawia. Shangazi aliubinya mmoja, ganda likavuka lote, ukabaki uzi mwembamba mkononi. Akabinya wa pili, uzi. Wa tatu, uzi. Fundi aliyeshika nyuzi maisha yake yote alizitazama zile tatu kwenye kiganja kama hajawahi kuona uzi. Miwili tu ndiyo ilikuwa bado imara.

"Vitabu vinasema tuikate iliyooza," nilisema. "Yote, mpaka penye uzima. Lakini uzima ukipungua sana..."

"Unakufa."

"Na tusipokata, uozo unapanda."

"Unakufa."

"Ndiyo, shangazi."

Aliushika mkasi mdogo, akauweka. Akaushika tena. Kisha akatandika taulo juu ya mapaja ya mumewe, akaulaza mche hapo na kumwekea mkono wa kushoto juu yake.

"Mimi nimeshindwa, mzee," alimwambia. "Nilikushonea nguo kubwa. Nimekuulia mwanao. Kama unajua la kufanya, fanya."

Kwa muda mkono haukufanya kitu. Kisha kidole gumba kikaanza kunyofoa. Kilipita kwenye mzizi uliooza, kikaubana kwa ukucha, kikaukata, kikaenda kwa mwingine. Taratibu, bila kukosea. Shangazi alinishika bega. Lakini kidole hicho hicho, kwa wiki kadhaa sasa, kilikuwa kikinyofoa nyuzi za blanketi kutwa nzima. Daktari alishasema ni ugonjwa tu, haukusudii chochote. Hatukujua tunamwona nani pale. Huenda alikuwa mtunza okidi wa miaka thelathini na moja. Huenda alikuwa mgonjwa na blanketi lake.

Ilipokwisha iliyooza, kidole kikafika kwenye mmoja wa ile miwili mizima.

Shangazi alimdaka kifundo cha mkono. "Huo mzima, mzee. Huo uache."

Mkono haukujivuta. Haukuachia pia. Bwana Bustani aliinua macho akamtazama mkewe, na safari hii yalikuwa makavu.

"Unajua unachofanya?" shangazi alimuuliza kwa sauti ndogo.

Kichwa kikaitikia.

"Au hujui?"

Kikaitikia.

Shangazi alinigeukia. Nilikuwa na vitabu viwili mkononi na hakuna ukurasa wa jambo hili. Mlangoni mteja alibisha, mama wa mtoto fulani aliyefuata sketi. Shangazi akamwambia bila kugeuka, "Rudi baadaye, mama, tafadhali," na yule mama akaondoka bila kuuliza. Tulisikia viatu vyake hadi kwenye kona.

Kisha shangazi akafungua vidole vyake. Alivitoa kwenye kifundo cha mumewe kimoja kimoja, kama mtu anayeachia kamba ya ndoo kisimani. Ukucha ukabana. Mzizi ukakatika.

Alikikimbilia kile kipande, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Nilimfuata. Kilikuwa cheupe ndani, cheupe kabisa, ila katikati palikuwa na kidoa cha kahawia, kidogo kama ncha ya sindano.

"Ni uozo huo?" aliniuliza. "Ulikuwa unapanda?"

"Labda."

"Au ndivyo mizizi ilivyo ndani?"

"Labda, shangazi. Sijui."

Alikigeuza kile kipande mara nyingi. Tulipomrudia Bwana Bustani, alikuwa ameegemeza kichwa, amefumba macho, na kiganja kimefunguka. Mche ulikuwa umelala juu ya taulo na majani matatu na mzizi mmoja.

Shangazi alimwaga vifungo kutoka kwenye kikopo chake cha bati, akakitoboa chini kwa msumari, matundu saba. Futi kamba ilikuwa shingoni mwake, hakuigusa. Alikadiria kwa jicho, akaona bado kina nafasi, akakiacha, akatafuta kingine kidogo zaidi kilichokuwa na pini. Nacho akakitoboa. Nilishika mche, naye akauzungushia magome makavu kipande kwa kipande, akikibana kila kimoja kwa kidole mpaka mche ukasimama wenyewe.

Likawa limebaki birika la maji.

"Tunamwagilia sasa?" aliuliza.

Nilifungua kitabu cha kwanza, nikafungua cha pili, nikavilaza vyote mezani ili aone nasema kweli.

"Hiki kinasema leo leo, usije ukakauka. Hiki kinasema tusubiri siku tano, vidonda vya mizizi vifunge."

"Na wenyewe una mzizi mmoja."

"Mmoja."

Alimtazama mumewe, aliyekuwa anapumua kwa mdomo wazi, amelala. Alitazama birika. Aliliinua, akaliweka, akaliinua tena likiwa limejaa, halafu akalirudisha chini, akavuta kiti, akaketi mbele ya kile kikopo na mikono mapajani.

"Hebu nisomee tena hicho cha pili," alisema. "Polepole."